Mlango Ulioachwa Wazi Berkeley

Karatasi za ramani ya Tanzania za kipimo cha 1:50,000, zile zenye kontua za kahawia na vijito vya buluu, zimechorwa juu ya msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960. Msingi huo ulitokana na kazi ya miongo mingi ya kupima tao la longitudo ya 30, kutoka kusini mwa Afrika kupanda kaskazini, pembetatu baada ya pembetatu. Umbo la dunia linalotumika humo ni lile lililokokotolewa na Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880. Simu iliyo mfukoni mwako haimjui Clarke. GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84, ambao dunia yake ina umbo tofauti kidogo na kitovu kilichokaa mahali tofauti kidogo.

Hicho "kidogo" kina ukubwa wake. Chukua namba za UTM za kona ya nyumba ya Dar es Salaam kutoka kwenye ramani ya zamani, uziweke bila kuzigeuza juu ya ramani ya GPS. Nyumba itahama takriban mita 300, zaidi kuelekea kaskazini. Katika mji wenye mabonde kama la Msimbazi, mita 300 zinaweza kuitoa nyumba kwenye njia ya mafuriko na kuipandisha kilimani. Itapanda kwenye karatasi tu. Maji yataendelea kuijua anwani yake ya kweli.

Hesabu ya kuziba pengo hilo inajulikana. Katika umbo lake jepesi ni namba tatu, -160, -6 na -302, ambazo ni mita za kuongezwa kwenye mihimili mitatu inayokutana katikati ya dunia. Mpimaji mwenye subira anaweza kuifanya kwa nukta moja akiwa na kikokotoo. Nukta zikifika milioni, kazi hupewa kanzidata. PostgreSQL, moja ya kanzidata huria zinazotumika sana duniani, huifanya kwa amri moja, ST_Transform. Ila PostgreSQL yenyewe haiijui amri hiyo. Haijui Arc 1960 wala WGS 84. Maarifa hayo huingizwa ndani yake na kiendelezi kiitwacho PostGIS, na kwa miaka kadhaa mtu mwenye kompyuta ya kawaida mezani alikuwa na njia moja ya uhakika ya kukipata: akikompaili mwenyewe.

Makala haya ni historia ya kazi hiyo: ilitoka wapi, nani aliiweza, nani aliishia mlangoni, na kwa nini bado inatuhusu hata sasa ambapo wengi wetu hatuifanyi tena.

*

Tuanze na kazi yenyewe. Programu huandikwa na watu kwa maandishi yanayosomeka na watu. Maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Prosesa ya kompyuta haiwezi kuyatumia yalivyo, kama mtu asivyoweza kula mahindi makavu ya punje. Kompaila ndiyo mashine ya kusaga: hupokea maandishi, hutoa faili la maelekezo ambayo prosesa inaweza kuyatekeleza. Lakini mfano wa mashine ya kusaga unaishia hapo, maana unga wa sembe hauulizi utapikwa kwenye sufuria gani. Faili lililokompailiwa huuliza. Lina aina yake ya prosesa na mfumo endeshi wake, na likiletwa kwenye mashine nyingine hukataa.

Kiendelezi cha kanzidata huuliza zaidi. Hakiendeshwi peke yake kama programu ya kuandikia barua. Hupakiwa ndani ya kanzidata iliyo kazini, hushiriki kumbukumbu yake, na kikikosea huweza kuiangusha yote. Kwa hiyo hukompailiwa kwa kufuata vipimo vya kanzidata ileile itakayokipokea. Ni kama kuchonga droo ya kabati ambalo limekwisha kutengenezwa na fundi mwingine. Mbao nzuri haitoshi, na ufundi mzuri hautoshi. Lazima ulipime kabati.

Wazo kwamba mtumiaji wa kawaida anaweza kuichongea kanzidata droo mpya lilizaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ramani zilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 1973 Michael Stonebraker na Eugene Wong walianzisha huko mradi wa kanzidata ulioitwa Ingres. Data za kijiografia zilikuwa kati ya matumizi yaliyofikiriwa tangu mwanzo. Ingres ilifaulu katika mengi, lakini kwa ramani ilikwama. Ilijua namba na ilijua maneno. Mshahara ni namba, jina ni maneno. Je, mpaka wa kata ni nini? Ukiuvunja kuwa mamia ya namba na kuzitawanya kwenye jedwali, swali dogo kama "kisima hiki kiko kata gani?" linageuka hesabu ndefu ambayo kanzidata haina namna ya kuisaidia.

Watu wa Berkeley walilizunguka tatizo hilo kwa miaka. Mwaka 1984 Antonin Guttman alichapisha muundo wa faharasa aliouita R-tree, unaopanga vitu kwa visanduku vinavyovizunguka ili kompyuta isilazimike kukagua kila kisima dhidi ya kila kata. Miaka miwili baadaye, 1986, Stonebraker na Lawrence Rowe walichapisha mpango wa kanzidata mpya, POSTGRES. Ndani yake mlikuwa na uamuzi ambao matokeo yake tunayaishi hadi leo. Badala ya kubashiri aina zote za vitu ambavyo watu watataka kuvihifadhi, waliacha mlango wazi. Mtumiaji mwenyewe angeweza kuifundisha kanzidata aina mpya ya kitu, njia za kukilinganisha na vingine, na namna ya kukitafuta haraka.

Utaratibu wa kuingia mlangoni ulikuwa mfupi. Andika kazi yako kwa lugha ya C, ikompaili, kisha iambie kanzidata faili liko wapi. Kanzidata ingelipakia faili hilo bila kujengwa upya. Toleo la kwanza lilitolewa kwa watumiaji wachache wa nje Juni 1989.

Ndani ya ukarimu huo mlikuwa na dhana ambayo haikuhitaji kuandikwa popote: kwamba mtumiaji ana kompaila, na anajua kuitumia. Berkeley ya wakati ule haikuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Chuo hicho ndicho kilichokuwa kikisambaza Unix yake yenyewe, na kwenye mashine za Unix za vyuoni kompaila ya C ilikuwa chombo cha kila siku, kama kisu jikoni. Mlango uliachwa wazi kwa watu waliokuwa tayari ndani ya ua.

*

Mradi wa chuo ulifungwa rasmi kwa toleo la 4.2. Mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliipa programu ile lugha ya SQL na kuiachia dunia kwa jina la Postgres95. Mwaka 1996 ikapata jina la PostgreSQL, na malezi yake yakahamia kwa watu wa kujitolea waliotawanyika nchi mbalimbali na kuwasiliana kwa barua pepe. Huko Moscow, Oleg Bartunov, ambaye ni mwanaastronomia, na Teodor Sigaev waliifufua na kuiendeleza GiST, mfumo wa jumla wa faharasa uliobuniwa mwaka 1995 na Joseph Hellerstein, Jeffrey Naughton na Avi Pfeffer. Kwa GiST, mtu wa nje angeweza kujenga faharasa kama R-tree kwa aina yake mwenyewe ya data. Vipande vya ramani vilikuwa vimetimia. Alibaki mtu wa kuviunganisha.

Watu hao walipatikana Victoria, mji wa kisiwani kwenye pwani ya magharibi ya Kanada. Kampuni ndogo ya ushauri, Refractions Research, ilikuwa ikifanya kazi za data za ramani za serikali ya jimbo la British Columbia. Paul Ramsey, Dave Blasby na wenzao walihitaji pa kuweka mistari na maeneo mengi bila kununua programu ghali. PostgreSQL ilikuwa na maumbo yake tangu enzi za Berkeley, nukta na poligoni, lakini yalikuwa maumbo ya daftari la jiometri, hayakujua yako wapi duniani. Wakaandika kiendelezi. Mei 2001 wakakitoa hadharani, kwa leseni huria ya GPL, kwa jina la PostGIS.

Hawakuandika kila kitu wenyewe, na hapo ndipo ugumu wa mtu wa mezani unapoanzia. Hesabu ya kuhamisha nukta kutoka msingi mmoja wa dunia kwenda mwingine, ile ya mita zetu 300, ilikuwa tayari katika maktaba ya PROJ, iliyoanzishwa na Gerald Evenden wa idara ya jiolojia ya Marekani, USGS. Hesabu ya kujua kama umbo moja limo ndani ya jingine, au yamekatana wapi, ilikuwa katika programu ya Java iliyoandikwa na Martin Davis, naye wa Victoria. Iliandikwa upya kwa C++ ili PostGIS iweze kuitumia, ikaitwa GEOS. Kwa hiyo aliyetaka PostGIS alikompaili PROJ, kisha GEOS, kisha PostgreSQL yenyewe ikiwa hakuwa nayo, ndipo afike kwenye PostGIS. Kosa la hatua ya kwanza mara nyingi lilijitokeza hatua ya mwisho, likiwa limevaa jina jingine.

*

Mwaka huohuo wa 2001, mwezi Machi, Apple ilitoa Mac OS X. Kwa mara ya kwanza kompyuta ya mezani iliyouzwa dukani kwa wabunifu, waandishi na walimu ilikuwa na Unix chini ya madirisha yake mazuri, na sehemu kubwa ya Unix hiyo ilikuwa na asili ya Berkeley. Ungedhani mlango na ua vimekutana tena. Lakini kompaila haikuwa imewekwa. Ilikuja kwenye CD ya zana za wasanidi, na baadaye, kuanzia 2003, ndani ya furushi kubwa la Xcode. Mwenye kompyuta ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba zana hizo zipo hakuwa na sababu ya kuzitafuta.

Aliyezipata alifungua dirisha la amri na kuandika mambo matatu ambayo kizazi kizima kinayakumbuka kama dua: configure, make, make install. La kwanza linaikagua mashine na kuuliza nini kipo na kiko wapi. La pili linaita kompaila. La tatu linanakili matokeo mahali pake. Mambo yakienda sawa, skrini hujaa mistari kwa dakika kadhaa kisha hunyamaza, na ukimya huo ndio habari njema.

Mara nyingi hayakwenda sawa, na sababu zake zinasimulia historia ya kompyuta za mezani vizuri kuliko matangazo ya biashara. Mwaka 2006 Apple ilihama kutoka prosesa za PowerPC kwenda Intel, kwa hiyo faili lililosagwa jana halikufaa kwenye mashine ya leo. Mwaka 2009, kwa Snow Leopard, kompaila ilianza kutoa faili za biti 64 pasipo kuombwa. GEOS ya biti 32 iliyobaki kutoka mwaka uliotangulia ilikataa kushikamana na PostGIS mpya ya biti 64, na ujumbe wa kosa haukusema "una maktaba ya zamani". Ulisema tu kwamba alama fulani hazijapatikana. Mwaka 2011, Lion ilikuja na vipande vya PostgreSQL vya Apple yenyewe. Programu ndogo iitwayo pg_config, ambayo kazi yake ni kumwambia fundi vipimo vya kabati, ingeweza kuwa mbili kwenye mashine moja. Ukiuliza ile isiyo yako, unachonga droo safi ya kabati la jirani. Mwaka 2013 maktaba ya msingi ya C++ ilibadilishwa. Mwaka 2015 ulinzi mpya wa mfumo ulianza kufuta kimyakimya baadhi ya maelekezo ambayo majaribio ya PostgreSQL yaliyategemea. Mwaka 2020 prosesa zikabadilika tena.

Kwenye Windows safari ilikuwa nyingine. Hadi Januari 2005, PostgreSQL haikuweza kuishi humo bila Cygwin, tabaka linaloifanya Windows iigize Unix. Toleo la 8.0 ndilo la kwanza kukompailiwa kwa ajili ya Windows moja kwa moja. Toleo hilohilo lilileta PGXS, utaratibu uliomruhusu mtu kukompaili kiendelezi bila kuwa na msimbo wote wa kanzidata mkononi. Ila PGXS ilitegemea zana za Unix. Aliyezoea Visual Studio ya Microsoft hakuweza kuitumia. Ilimbidi kuingia MinGW, zana za GNU zilizohamishiwa Windows, au apange kila kitu kwa mkono. Mamilioni ya kompyuta za ofisini, zikiwemo za Afrika Mashariki, zilikuwa na Windows. Kwa mwenye kompyuta hizo leseni ya PostGIS ilisema wazi: chukua, soma, badilisha, gawa. Mashine yake ndiyo iliyokosa meno ya kusagia.

Hatari ya kukosea haikuwa ya kinadharia. Kabla ya toleo la 8.2 la Desemba 2006, kanzidata ingeweza kukipakia kiendelezi kilichokompailiwa kwa toleo jingine bila kuuliza, kisha ianguke katikati ya kazi. Toleo la 8.2 lilianza kukidai kila kiendelezi kibebe muhuri unaotaja vipimo vyake, nao usipolingana kinakataliwa mlangoni. Ni badiliko dogo. Lakini kukataliwa kwa sababu inayosomeka ni heshima kubwa kwa mtu aliyeketi peke yake saa tano usiku.

*

Kosa linaloonekana lina nafuu yake. La kuogopwa zaidi lilikuwa kukompaili kunakofaulu nusu.

Katika matoleo ya mwanzo ya PostGIS, PROJ na GEOS zilikuwa hiari. Asiyefanikiwa kukompaili PROJ aliweza kuiruka, na PostGIS yake ikasimama. Ingehifadhi nukta, ingechora mistari, ingepima umbali. Isingeweza tu kuhamisha nukta kutoka msingi mmoja wa dunia kwenda mwingine. Kwa mtu wa Victoria ambaye data zake zote zimo katika msingi mmoja, huo ni upungufu wa kuvumilika. Kwa mtu ambaye ramani za serikali yake ziko katika Arc 1960 na vipimo vyake vipya vinatoka kwenye GPS, kilichokosekana ndicho kiini cha kazi.

Hata PROJ ikiwepo, ilifanya kazi kwa kusoma jedwali. Kila msingi na makadirio yake una namba: Arc 1960 katika kanda ya UTM 37 Kusini, inayofunika Dar es Salaam, ni 21037, WGS 84 katika kanda hiyohiyo ni 32737. Mbele ya kila namba kuna mstari wa maelezo, na katika mstari huo ndimo zinamokaa zile tarakimu tatu, -160, -6 na -302. Mstari usio na tarakimu hizo haulalamiki. Hugeuza umbo la dunia, husahau kuhamisha kitovu chake, na hutoa jibu lenye desimali nyingi. Jibu hilo linaonekana sahihi kuliko lile la mpimaji mwenye kikokotoo, nalo limepotoka kwa mamia ya mita.

Ndiyo maana mafundi wa zamani wa PostGIS, wakikaribishwa kwenye kanzidata wasiyoijua, huanza na amri moja, postgis_full_version, kabla hata ya kuangalia data. Amri hiyo hutaja kiendelezi kilikompailiwa na GEOS ipi na PROJ ipi. Ni kama kuuliza chakula kimepikwa na nani kabla ya kukaa mezani. Aliyekwisha kuzikompaili maktaba hizo kwa mkono wake anajua kwamba neno "PostGIS" peke yake halimwambii vya kutosha.

*

Mzigo huo ulipungua kwa sababu watu walichoka kuona kila mtu akiubeba peke yake. Kwenye Mac, mradi wa Fink ulikuwapo tangu siku za mwanzo za mfumo huo. DarwinPorts, iliyokuja kuitwa MacPorts, ulianza 2002. Homebrew ulianza 2009. Kila mmoja uliandika mapishi: pakua hiki, kisha kile, kwa mpangilio huu, na marekebisho haya. Mwaka 2012 ilikuja Postgres.app, ambayo huburutwa kwenye folda kama programu nyingine yoyote, PostGIS ikiwa ndani. Kwenye Windows, kisakinishi cha PostgreSQL kilipata kisaidizi kiitwacho Stack Builder, kinachokuletea PostGIS iliyokwisha kukompailiwa na watu wa kujitolea.

Ndani ya kanzidata nako palisafishwa. Zamani, baada ya kukompaili, ulipaswa kuliendesha faili refu la SQL lililosajili kazi moja baada ya nyingine, kisha faili jingine la jedwali la misingi ya dunia. Septemba 2011 toleo la 9.1 lilileta amri ya CREATE EXTENSION, iliyotokana hasa na juhudi za Dimitri Fontaine. PostGIS 2.0 ya Aprili 2012 ikaipokea. Kuanzia hapo kilichokuwa kazi ya wikiendi kikawa mstari mmoja.

Mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walitembea na wakazi katika kata zinazokumbwa na mafuriko, wakarekodi mitaro, njia na majengo, na kuyaingiza katika OpenStreetMap. Sidhani kama wengi wao waliwahi kuona skrini ya make, na hawakuhitaji. Lakini picha za ramani ya OpenStreetMap walizozifungua jioni kuangalia kazi yao ya mchana huchorwa kutoka kwenye kanzidata ya PostgreSQL yenye PostGIS. Mfereji uliopimwa Tandale ulikuwa ukipita katika GEOS na PROJ kabla ya kurudi machoni pa aliyeupima. Agosti 2018 Dar es Salaam iliupokea mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, FOSS4G. Waliozisaga maktaba hizo na waliozila unga wake walikaa ukumbi mmoja.

Huo ni ushindi, na tusiupunguze. Kazi ikihama kutoka kwa kila mtu kwenda kwa wachache wanaoifanya vizuri, wengi hupata muda wa kufanya mengine. Mpimaji ana mifereji ya kupima.

*

Ila unga ukizoeleka, mashine husahaulika, na siku hizi mashine ina mwenyewe.

Tangu Amazon ilipoanza kukodisha PostgreSQL mwishoni mwa 2013, kanzidata nyingi zimetoka mezani na kwenye seva za ofisini na kwenda kwenye majengo ya watoa huduma. Huduma hiyo ina faida za kweli: nakala za akiba, ulinzi, umeme usiokatika. Kuhusu viendelezi ina kanuni moja ambayo watoa huduma karibu wote wanaifuata. Unapewa orodha. Vilivyomo, PostGIS ikiwemo, unaviwasha kwa CREATE EXTENSION. Visivyomo huwezi kuvileta mwenyewe, hata ukivikompaili vizuri namna gani, kwa sababu kiendelezi cha C hupakiwa ndani ya moyo wa kanzidata, na mwenye nyumba hawezi kumruhusu kila mpangaji aguse nyaya za umeme. Ni sababu ya haki. Matokeo yake ni kwamba mlango wa Berkeley bado upo, lakini sasa una bawabu.

Tunaweza kuona uzito wa jambo hilo kwa mfano ulio karibu nasi kuliko ramani. PostgreSQL inaweza kutafuta ndani ya maandishi kwa kulirudisha neno kwenye shina lake. Kazi hiyo nayo iliingia kwanza kama kiendelezi, kutoka kwa walewale Bartunov na Sigaev. Hadi toleo la 17 la mwaka 2024, inakuja na mashina ya lugha zaidi ya 20, kuanzia Kiingereza na Kirusi hadi Kitamil, Kinepali na Kiindonesia. Kiswahili hakimo. Ukiiuliza kuhusu "kupika", haitakuletea "walipika" wala "atapika" wala "hatujapika", kwa sababu haijui kwamba yote ni "pika" lililovaa viambishi. Kiingereza hubeba mizigo yake zaidi nyuma ya neno. Sisi tunaibeba mbele na nyuma, na katikati tunapachika nani aliyepikiwa.

Hakuna anayezuia jambo hilo lisiandikwe. Muundo wa 1986 unaliruhusu hadi leo: andika kamusi yako kwa C, ikompaili, ipakie. Kinachohitajika ni mtu anayezijua ngeli na anayejua pia pg_config ni nini, kwenye mashine anayoimiliki, ambako hakuna orodha ya kumzuia. Kiendelezi hakiingii kwenye orodha ya mtoa huduma kabla hakijawa kitu kinachotumika, na hakiwi kitu kinachotumika kabla mtu hajakikompaili mezani kwake, kikakataa, akakirekebisha, kikakubali. PostGIS ilipita njia hiyo. Katika miaka ya karibuni pgvector, kiendelezi kilichotolewa 2021 na mtu mmoja, Andrew Kane, kilipita njia hiyohiyo, na leo watoa huduma wakubwa wanakitangaza kama chao.

Kompyuta mpakato za wanafunzi wetu zina nguvu mara nyingi kuliko mashine za Berkeley za 1989. Kompaila ni bure. Msimbo ni bure. Vyuoni tunawafundisha kuandika maswali ya SQL na kuichora mishale ya majedwali, na mara chache sana tunawaambia kwamba kanzidata yenyewe inaweza kufunguliwa na kufundishwa neno jipya. Anayejua kuuliza tu atapata majibu ya vitu vilivyokwisha kufikiriwa na wengine. Mita 300 za Arc 1960 zilizibwa kwa sababu watu wa mbali waliandika hesabu ya dunia nzima, nasi tukiwa ndani yake. Viambishi vyetu havimo katika hesabu ya mtu yeyote. Vinasubiri mtu wa hapa aketi, afungue dirisha la amri, aandike make, na asome kwa makini mstari wa kwanza wa kosa.